Ukiulizwa, "Wewe Mwenyewe Ulifanya Nini?"

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Garissa

Nimeombwa nizungumze habari ya intavyu ya kazi, kwa sababu vijana wa vikundi hivi wanaandika barua, wanaitwa, wanapanda gari mpaka Garissa au Dadaab, halafu wanarudi nyumbani kimya. Ukimwuliza, "Vipi?" anakwambia, "Waliniuliza maswali ya ajabu." Leo nataka tuyaangalie hayo maswali ya ajabu. Mengine, kama nguo za kuvaa na kufika mapema, mnayajua.

Zamani kidogo mtu aliulizwa amesoma wapi, ana cheti gani, anajua kuandika kwa mashine au hapana. Siku hizi cheti wamekiona kabla ya kukuita. Ukikaa mbele ya jopo utasikia hivi: "Tueleze wakati ambapo ulitofautiana na mwenzako kazini." "Tupe mfano wa jambo ulilojaribu likashindikana." "Tueleze siku uliposhawishiwa kuvunja kanuni." Hayo tuyaite maswali ya mwenendo. Hawaulizi unajua nini. Wanauliza ulishafanya nini.

Mtindo huu haukuanzia kwetu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, alifanya kazi na jeshi la anga la nchi yake. Badala ya kuuliza rubani mzuri ni mtu wa namna gani, yeye na wenzake walikusanya visa vyenyewe: siku fulani, katika hali fulani, rubani alifanya nini, na matokeo yakawa nini. Aliandika habari ya njia hiyo mwaka 1954. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Tom Janz, alichapisha uchunguzi uliolinganisha mahojiano ya namna hii na yale ya kuzungumza ovyo ovyo, na haya ya visa yakaonekana kubashiri vizuri zaidi nani ataiweza kazi. Hoja yao ni nyepesi, hata mchunga ngamia anaijua: ukitaka kujua kama huyu ngamia atabeba mzigo, uliza alibeba nini safari iliyopita.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanatumia njia hiyo, na mashirika mengi ya misaada pia. Kwetu yamefika kupitia Dadaab, maana tangu kambi zile zianze mwaka 1991, Ifo, Dagahaley na Hagadera zimekuwa mahali ambapo kijana wa kaunti hii anatafuta kazi. Halafu zikaja kaunti mwaka 2013, na kila kaunti ikawa na Bodi yake ya Utumishi wa Umma. Kwa hiyo swali likikukosa Dadaab, litakupata mjini.

Sasa, tunaanguka wapi? Nasema tunaanguka mahali pawili, na hapa pa kwanza nitakaa sana.

Mtu anaulizwa, "Tueleze wakati ulipotatua ugomvi." Anajibu: "Watu wakigombana, inafaa uwakalishe chini, usikilize pande zote mbili, usipendelee." Maneno mazuri hayo! Lakini hayo ni mahubiri, si jibu. Hakuna siku, hakuna mahali, hakuna watu, na yeye mwenyewe hayumo. Jopo linaandika sifuri au moja, linaendelea. Au anajibu hivi: "Kwetu tulikuwa na shida ya kisima, tukakutana, tukaelewana, tukaishi vizuri." Tuka, tuka, tuka. Yeye alikuwa wapi katika hizo tuka zote?

Najua inatoka wapi. Sisi tumelelewa kwamba mtu wa heshima hajisifu. Ukisema "mimi, mimi" mbele ya wazee unaonekana umepungukiwa na adabu. Katika kikundi tunasema "sisi" hata kama kazi yote ilifanywa na mama mmoja na punda wake. Hiyo ni tabia nzuri, msiiache nyumbani. Lakini ndani ya chumba kile, jopo haliajiri kikundi chako. Linaajiri mtu mmoja, na lina karatasi ya kuandika alama za huyo mtu mmoja. Kusema "mimi niliandika majina, mimi nilishika foleni" si majivuno iwapo ni kweli. Majivuno ni kusema "mimi ni kiongozi mzuri sana". Mnaona tofauti? Mmoja anasimulia kazi, mwingine anajipaka mafuta.

Tuchukue mfano. Tuseme hapa kuna mama ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Anaitwa intavyu ya kazi ya kusaidia mradi wa akina mama. Anaulizwa: "Tupe mfano wa wakati jamaa au rafiki alitaka umpendelee."

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika sehemu zetu. Wengi wanakimbilia kusema, "Sijawahi kuombwa kitu kama hicho." Garissa? Nani atakuamini? Mtu wa Garissa ambaye hajawahi kuombwa na jamaa yake ampendelee, basi hana jamaa. Jopo linajua hivyo, na linaona ama huyu anaficha, ama hajawahi kushika jukumu lolote. Wengine wanasema, "Mimi sipendelei ndugu hata kidogo, hata mama yangu ningemfukuza." Hilo nalo halimfurahishi mtu.

Yule mama akijiandaa, anaweza kujibu namna hii:

"Mwaka jana nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama 25. Wiki mbili kabla ya siku ya kufungua sanduku, wifi yangu, ambaye ni mwanachama, alikuja usiku. Mtoto wake alikuwa amelazwa, akataka shilingi 12,000. Mwenzangu mwenye ufunguo wa pili alikuwa tayari kufungua. Kazi yangu ilikuwa kulinda pesa za wote, na kanuni yetu inasema sanduku halifunguliwi nje ya mkutano. Nilimwambia wifi yangu sitafungua, lakini sitamwacha. Usiku huo huo nilimpigia mwenyekiti simu nikaomba mkutano wa dharura kesho yake asubuhi. Nilisema mbele ya wote kwamba huyu ni wifi yangu, kwa hiyo mimi sitapiga kura. Walikuja 19. Walikubali apewe 5,000 za mfuko wa dharura, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha juu kilichoandikwa. Zilizobaki tulichangiana mfukoni, na mimi nilitoa 1,000. Wifi yangu alinikasirikia kama mwezi mzima. Baada ya hapo kikundi kiliandika kanuni mpya kuhusu mikopo ya hospitali."

Hesabuni wenyewe yaliyomo. Kuna hali: usiku, mtoto hospitalini. Kuna jukumu: kulinda pesa. Kuna hatua, na hatua ni zake yeye: nilikataa, nilipiga simu, nilisema, sikupiga kura. Kuna matokeo: mtoto alisaidiwa, kanuni ikaandikwa. Mambo manne: hali, jukumu, hatua, matokeo. Sehemu kubwa ya maneno iwe kwenye hatua. Sisi tunapenda kusimulia hali. Tunaanza na babu aliyechimba kisima, na dakika mbili zimekwisha hata ugomvi haujaanza.

Na angalieni lile neno kuhusu wifi kukasirika mwezi mzima. Mimi naona hilo ndilo litakalofanya jopo limwamini. Jibu ambalo kila mtu anafurahi mwishoni linanuka hadithi.

Mahali pa pili tunapoanguka ni kubuni. Kijana anaambiwa na rafiki yake, "Sema uliongoza watu 200." Anasema. Lakini jopo halikuachii hapo. Wanauliza: "Walikuwa watu wangapi kila upande? Nani alikuwepo? Ulimwambia nini hasa? Yeye akakujibuje? Ungefanya nini tofauti?" Mtu aliyekuwepo anajibu bila kufikiri, kwa sababu anayaona. Aliyebuni anaanza kutoa jasho. Halafu kumbukeni mji wetu. Yule aliyekaa kwenye meza anaweza kuwa binamu ya mwenyekiti wa kisima unachokisema. Tena wanapiga simu kwa watu uliowaandika kama wadhamini. Kisa kidogo cha kweli kinashinda kisa kikubwa cha kuazima, na hata ushindi usipokuja, jina lako linabaki salama.

Lakini kijana ananiambia: "Mimi sijawahi kuajiriwa. Nitoe wapi visa?" Ndiyo maana nilitaka kuzungumza na vikundi, si na watu wa vyuo. Jopo likisema "kazini," halisemi lazima iwe ofisi. Kama hujawahi kuajiriwa, sema waziwazi: "Sijaajiriwa bado, lakini katika kikundi chetu…" kisha endelea. Nyinyi mna visa vingi kuliko mtu aliyetoka darasani juzi. Ukame ule ambapo mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, nani alipanga foleni ya maji ya lori? Nani aliamua mitungi ya akina mama ijazwe asubuhi na ngamia wanywe jioni, na alimwambiaje mwenye ngamia mia ambaye hataki kungoja? Hicho ni kisa cha kutatua ugomvi. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipokata barabara pale Madogo na magari yakakwama, kuna mtu wa kikundi cha ndizi aliyetafuta namna ya kuokoa mazao yasiozee shambani. Hicho ni kisa cha mipango kubadilika ghafla. Pampu ya shamba la kando ya Tana ilipoharibika na mkapiga hesabu ya nani amelipa dizeli na nani hajalipa, kuna aliyeshika kalamu. Yeye ana kisa cha uaminifu.

Kaa na daftari, andika visa sita au saba vya kweli. Kimoja cha ugomvi, kimoja cha kushindwa, kimoja cha shinikizo la jamaa, kimoja cha kufanya kazi na watu wasio wa kabila au dini yako, kimoja cha muda mfupi na kazi nyingi, kimoja cha kumfundisha mtu. Kisa kimoja kinaweza kujibu maswali mawili matatu. Kikariri kichwani kwa mambo yake, si neno kwa neno, kwa sababu ukikariri kama shairi utapotea mtu akikukata kauli.

Na hapa kuna shida ya lugha. Intavyu nyingi ni kwa Kiingereza, na kisa chako kilitokea kwa Kisomali, au Kipokomo, au Kiswahili. Simulia kwanza nyumbani kwa lugha kilichotokea, mpaka kinyooke. Ndipo ukipeleke kwenye Kiingereza kwa sentensi fupi fupi. Si aibu kuomba swali lirudiwe, wala si aibu kusema, "Naomba nifikirie kidogo," ukanyamaza sekunde kumi. Aibu ni kujibu swali ambalo hukuulizwa.

Sasa swali la kushindwa. "Tueleze jambo ulilolifanya likaharibika." Watu hujibu kwa ujanja: "Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi." Jopo limesikia hilo asubuhi hiyo mara nane. Toa jambo la kweli, la kadiri, lililokwisha. Kwa mfano: nilinunua mbegu za nyanya kwa ajili ya kikundi bila kuuliza bei katika maduka mengine, tukapata hasara, nikawaambia wanachama siku ile ile kabla hawajasikia kwingine, na tangu siku hiyo tunachukua bei tatu kabla ya kununua. Jopo halitafuti malaika. Linatafuta mtu ambaye akikosea atasema mapema.

Likija swali la kutofautiana na mkubwa wako, usimseme vibaya yule wa zamani, hata kama alistahili. Eleza mlitofautiana juu ya nini, ulimwambia lini na wapi, tena faraghani, na mwisho uliifanyaje kazi. Vilevile usitaje majina. Kama wewe ni mhudumu wa afya ya jamii ukataja jina la mgonjwa katika kisa chako, umeshafeli, kwa sababu wameona utakavyozitumia siri za watu.

Kuna swali jingine linalogongana na malezi yetu moja kwa moja: "Umewahi kuona mwenzako akifanya jambo lisilofaa kwa watu mnaowahudumia? Ulifanya nini?" Sisi tunafundishwa kusitiri. Aibu ya mtu hufunikwa, wazee wataitwa, mambo yataisha ndani. Mtu akijibu hivyo kwa nia safi, anakosa kazi na hajui kwa nini. Sababu ni hii. Tarehe 9 Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alitoa waraka unaokataza wafanyakazi kubadilishana pesa, kazi au misaada kwa ngono. Unakataza pia ngono na mtu yeyote wa chini ya miaka 18, hata kama desturi ya mahali inaruhusu. Tena unamtaka mfanyakazi mwenye shaka juu ya mwenzake atoe taarifa kwa njia zilizowekwa. Mashirika mengine mengi yana kanuni za namna hiyo. Kwa hiyo kunyamaza, katika kazi hizi, ni kosa lenyewe. Eleza ulimwambia nani mwenye madaraka, na ulivyomlinda aliyedhulumiwa asitangazwe kijijini. Na kama hujawahi kuona jambo kama hilo, sema hujawahi, kisha eleza ungefuata njia gani. Mimi nawaambia akina mama hasa: swali hili lipo kwa ajili ya kuwalinda binti zenu waliopanga foleni ya mgao.

Kuna maswali ambayo si magumu, ni mabaya. "Wewe ni wa ukoo gani?" "Mumeo atakuruhusu ulale Dadaab?" "Unakusudia kuzaa mwaka huu?" Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, hata yule anayeomba kazi tu, kwa sababu ya kabila, jinsia, dini, ujauzito au ulemavu. Lakini kuanza kupigana na jopo kwa vifungu vya sheria ukiwa umekaa mbele yao kutakuchosha. Geuza swali kwa upole: "Kama mnauliza iwapo nitaweza kukaa kambini wiki nzima, ndiyo, nimeshapanga mambo ya nyumbani." Au: "Mimi ni mtu wa Garissa, na katika kikundi chetu nimefanya kazi na watu wa koo zote. Niwape mfano." Umelirudisha kwenye kazi. Ukitoka, andika swali hilo, tarehe na waliokuwepo, uwe na kitu mkononi ukiamua kulalamika.

Mtaniuliza, na mna haki: "Je, tukijibu vizuri hivyo, kazi hazitapewa watoto wa wakubwa?" Siwezi kuwadanganya, kuna nafasi ambazo mwenyewe anajulikana kabla ya tangazo kubandikwa. Lakini jueni pia maandishi yanasema nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataka utumishi wa umma uajiri kwa ushindani wa haki na ubora. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi wazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Ndugu zangu Wapokomo, Wamunyoyaya, Wakamba mnaoishi hapa, na wenzetu wengine, hilo lawahusu. Aliyejibu kwa kisa cha kweli anaacha alama kwenye karatasi, na ni vigumu zaidi kumruka mtu ambaye alama zake zimeandikwa. Na yeyote akikuambia utoe pesa kidogo ili jina lipite, ondoka. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada yoyote katika kuajiri, si ya fomu, si ya intavyu, si ya mafunzo.

Nimesema ya kutosha, na jua linapanda. Sasa kaeni wawili wawili, mkubwa na kijana, mtu asikae na ndugu yake. Mmoja awe jopo, amwulize mwenzake: "Tueleze siku uliposhinikizwa ufanye jambo ambalo hukukubaliana nalo." Anayejibu apewe dakika mbili, si zaidi. Jopo lihesabu kwa vidole kila "tuli" itakayotoka, na kila ikitoka liulize: "Sawa, lakini wewe mwenyewe ulifanya nini?" Baada ya hapo badilishaneni. Wale wa nyuma karibu na mwembe, sogeeni mbele kivulini, mama yule atashika saa.